Nani ameshika hati? Vikundi vya utamaduni na uhai wa mtaa

Katika miji mingi siku hizi kuna jambo linalojirudia. Makumbusho, kikundi cha ngoma, chuo cha muziki, maktaba na chama cha wachoraji vinakaa meza moja, vinatia saini makubaliano, kisha vinautangazia umma kwamba vimeungana kuuhuisha mtaa uliochoka. Serikali nazo zimeingia. Jimbo la California, kwa mfano, lilipitisha sheria mwaka 2015 ya kuyatambua rasmi maeneo ya utamaduni, na mwaka 2017 likayatangaza maeneo 14 ya kwanza. Habari hizi huandikwa kama habari za sanaa. Picha huwa ya ukuta uliochorwa upya, au ya watoto wakipiga ngoma mbele ya jengo lililokuwa limefungwa kwa miaka. Anayeshangilia huishangilia sanaa, na anayelalamika huilaumu sanaa hiyohiyo.

Kwa maoni yangu wote wawili wanatazama mahali pasipo penyewe. Ushirikiano wa namna hii ni jambo la ardhi kabla ya kuwa jambo la sanaa. Uzito wake uko katika kile ambacho vikundi hivyo vinakimiliki kwa pamoja, au vimekikodi kwa miaka mingi kiasi kwamba hakuna anayeweza kuviondoa kwa notisi. Vikiungana kwa ajili ya tamasha peke yake, mwisho wa yote huwa vimempandishia mwenye nyumba bei bila malipo. Vikiungana kwenye hati, vinapata nguvu ambayo hakuna hata kimoja kingeipata peke yake, na nguvu hiyo inaweza kuwakinga hata wapangaji wa mtaa ambao hawajawahi kushika brashi ya rangi.

Mkanganyiko huu una historia. Katika miaka ya 1960 viwanda vidogo na maghala ya SoHo, New York, vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine. Wachoraji na wachongaji walihamia humo kwa sababu pango lilikuwa dogo, madirisha makubwa na dari ziko juu, ingawa sheria ya mji iliyatenga majengo hayo kwa kazi za viwanda na kuishi humo lilikuwa kosa. Mwaka 1971 mji uliwaruhusu wasanii kuishi huko kihalali, na mwaka 1982 ikaja sheria ya kuwalinda wapangaji wa majengo ya aina hiyo. Hapo katikati bei zilikuwa zimeshapaa. Kinachosimuliwa kila mara ni kwamba wasanii waliupamba mtaa, matajiri wakawafuata. Kisichosimuliwa sana ni kazi ya George Maciunas, msanii mhamiaji kutoka Lithuania, ambaye mwaka 1967 alianza kuwakusanya wenzake wachange fedha na kununua majengo kwa ushirika, wakianzia na jengo namba 80 la Wooster Street. Aliyeingia katika ushirika alibaki na uamuzi wa kukaa au kuuza. Aliyekuwa akilipa pango la mwezi hakuwa na la kuamua siku mwenye jengo alipompata mpangaji mwenye fedha zaidi. Mtaa ulikuwa mmoja na sanaa ni ileile. Kilichowatenganisha watu hao ni karatasi.

Miji mingine iliitazama SoHo kwa mbali ikaondoka na somo la juujuu. Mwaka 2002 mtaalamu wa miji Richard Florida alipata wasikilizaji wengi aliposema kwamba ustawi wa mji unategemea uwezo wake wa kuwavuta watu wabunifu. Mameya wakaelewa kwamba kazi yao ni kuandaa mazingira ya kuwavutia wageni hao: kumbi za maonyesho, mikahawa, njia za baiskeli, matamasha. Miaka 15 baadaye, mwaka 2017, Florida mwenyewe aliandika kuhusu pengo la kipato na ubaguzi wa makazi ulioota katika miji ileile iliyofanikiwa kuwavuta watu hao. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mitaa hii mgeni alikuja, mwenyeji akahama.

Mfano unaotajwa zaidi katika vikao vya kupanga miji ni Bilbao, huko Basque, kaskazini mwa Hispania. Inasemwa kwamba mji wa viwanda vya chuma na meli ulikuwa umekufa, likaja jumba la makumbusho ya sanaa la Guggenheim, lililosanifiwa na Frank Gehry, mwaka 1997, mji ukafufuka. Hadithi hii imegharimu miji mingine fedha nyingi, kwa sababu imeifanya iamini kwamba jengo moja la ajabu linatosha. Lakini miaka mitano kabla ya jumba hilo kufunguliwa, mwaka 1992, iliundwa kampuni ya umma iitwayo Bilbao Ría 2000. Nusu yake ilikuwa ya taasisi za serikali kuu ya Hispania na nusu ya mamlaka za Basque, zikiwamo za mkoa na manispaa. Kazi yake ilikuwa kukusanya viwanja vilivyoachwa na reli, bandari na viwanda kando ya mto Nervión, kuviendeleza kwa mpango mmoja, na faida ya kuviuza kuirudisha katika kazi za umma. Reli ya chini ya ardhi ilianza kufanya kazi mwaka 1995. Mpango wa kuyasafisha maji ya mto ulikuwa umeanza zamani zaidi. Guggenheim ilitua mahali ambapo suala la ardhi lilikuwa limeshapata mwenyewe. Ukiiondoa Bilbao Ría 2000 kwenye hadithi, unabaki na jengo zuri lisiloeleza kitu.

Mfano ninaoupenda mimi ni mdogo na uko mbali na Bilbao kwa kila hali. Uko Third Ward, mtaa wa Wamarekani Weusi mjini Houston, Texas. Kulikuwa na nyumba 22 za mbao, nyembamba, zilizojengwa miaka ya 1930 kwa mtindo ambao huko huitwa shotgun: vyumba vimefuatana mstari mmoja bila ujia, ukisimama kwenye baraza ya mbele milango ikiwa wazi unaona hadi uani. Baadhi ya wasomi wanaifuata asili ya nyumba hizo hadi Haiti na Afrika Magharibi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa magofu. Rick Lowe, mchoraji aliyekuwa akichora mabango kuhusu dhiki za watu, alitembelewa na wanafunzi wa sekondari, na mmoja wao akamwambia kwamba dhiki hizo wanazijua tayari; kama yeye ni mbunifu, kwa nini asibuni ufumbuzi? Mwaka 1993 Lowe na wasanii wenzake sita wakaanza kazi ya kuziokoa nyumba zile. Makumbusho, makanisa, makampuni na familia za mjini zikachukua nyumba mojamoja na kuitengeneza. Nyumba kadhaa zikawa za maonyesho, na nyumba 7 zikatengwa kwa akina mama vijana wasio na waume, wakae humo na watoto wao huku wakimalizia masomo. Mwaka 2003 likazaliwa shirika dada la kujenga nyumba za kupangisha watu wa kipato cha chini. Mradi unaitwa Project Row Houses, na mwaka 2014 Lowe alipewa tuzo ya MacArthur, inayotolewa Marekani kwa watu wenye ubunifu wa pekee. Watu wa sanaa wanapoutaja huzungumzia ubunifu wake, na wana haki. Mimi kinachonishika ni kwamba nyumba na viwanja vilinunuliwa wakati hakuna aliyevitaka, kabla mtaa haujaandikwa magazetini.

Liverpool nako mambo yalikwenda kwa mpangilio huohuo. Granby ni mtaa ulioachwa uchakae kwa miaka mingi baada ya ghasia za mwaka 1981 katika eneo hilo la Toxteth. Nyumba zikazibwa madirisha kwa mabati na mbao zikingoja kubomolewa. Wakazi wachache waliobaki, wengi wao wanawake, walifagia barabara, wakapanda maua kwenye mapipa na kupaka rangi yale madirisha yaliyozibwa. Mwaka 2011 wakaunda amana ya ardhi ya jamii, yaani chombo cha wakazi cha kumiliki ardhi na nyumba kwa niaba ya mtaa, na baadaye halmashauri ikaikabidhi nyumba 10. Amana hiyo ikafanya kazi na wasanifu vijana wa kundi la Assemble. Mwaka 2015 Assemble walipewa tuzo ya Turner, tuzo maarufu ya sanaa ya Uingereza, na kuanzia siku hiyo ulimwengu ukauita mradi wa Assemble. Sina neno na tuzo hiyo. Lakini mji unaotaka kujifunza kutoka Granby ukianzia 2015 utaajiri wasanifu, na ukianzia 2011 utaandikisha amana. Ndiyo maana pia silipendi neno kufufua. Wanawake wale hawakuwa wafu walipokuwa wakimwagilia maua.

Sasa kwa nini vikundi viungane? Kwa nini kila kimoja kisitafute jengo lake? Jibu liko katika hesabu za kawaida za kikundi kidogo. Kikundi cha ngoma au cha maigizo hakina mali ya kuweka rehani, kwa hiyo benki haikikopeshi. Mapato yake huja kwa mafungu, fungu la mradi huu na fungu la mradi ule, na wafadhili wengi hulipia kazi inayoonekana, wala hawapendi kulipia pango, umeme na mhasibu. Mwenye jengo akiyaona mapato hayo ya kubahatisha hukipa mkataba wa mwaka mmoja, akijikaza sana mitatu. Kikundi hakiwezi kutia fedha katika jengo ambalo huenda kikalihama, hivyo jengo linazidi kuchakaa, na kikithubutu kulitengeneza kinakuwa kimemtengenezea mwingine.

Hili nimeliona kwa macho yangu. Kikundi nilichokuwamo kilipanga ghala lenye sakafu ya zege iliyopasuka. Tulichangishana, tukapiga sakafu ya mbao wenyewe kwa siku za mapumziko, tukaacha nafasi ya hewa chini yake ili miguu ya wachezaji isiumie. Miaka miwili baadaye notisi ya siku 30 ilikuja, na tangazo la mwenye ghala la kumtafuta mpangaji mpya lilitaja sakafu nzuri ya mbao. Vikundi vitano vya mtaa huo tulikuwa tumeandaa matamasha pamoja mara nyingi na tulipendana kweli, ila hatukuwa na hata karatasi moja yenye majina yetu sote. Kikao cha dharura tulikifanyia uani, kufuli jipya likiwa limeshawekwa mlangoni.

Muungano unabadilisha hesabu hizo pale tu mwenye nguvu anapokubali kumbebea asiye nazo. Taasisi kubwa ina wadhamini, ina akiba, ina jina benki. Inaweza kuweka dhamana. San Francisco walilijaribu hili mwaka 2013, pango za mji huo zilipokuwa zikipanda kwa kasi ya kampuni za teknolojia. Iliundwa amana iitwayo Community Arts Stabilization Trust kwa msaada wa dola milioni 5 kutoka shirika la hisani la Kenneth Rainin. Amana ilinunua majengo mawili katikati ya mji, moja kwa ajili ya kikundi cha dansi na maonyesho cha CounterPulse katika mtaa wa Tenderloin, kikiwa na haki ya kulinunua jengo hilo baadaye kwa bei iliyofungwa tangu mwanzo. Bei ya kiwanja ilipopanda nje ya mlango, ndani ya mkataba ilibaki palepale. Pittsburgh walitangulia zaidi: Pittsburgh Cultural Trust iliundwa mwaka 1984, ikanunua majengo katika eneo la katikati ya mji lililokuwa na sifa mbaya, ikakarabati kumbi za zamani kama ule uliofunguliwa upya mwaka 1987 kwa jina la Benedum Center. Kumbi kadhaa na viwanja vyake viko chini ya mkono mmoja, na wapangaji wake ni vikundi vinavyotumia jukwaa kwa zamu. Kazi za aina hii hazina picha ya kuvutia. Ni ratiba za ukumbi, bima, mabomba na mikataba.

Wanaoutetea ushirikiano wa utamaduni kwa ajili ya sanaa yenyewe wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyodhani. Mark Stern na Susan Seifert wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wamefuatilia suala hili kwa miongo kadhaa. Katika utafiti wao wa New York uliotoka mwaka 2017 walilinganisha mitaa ya kipato cha chini yenye shughuli nyingi za utamaduni na mitaa ya hali hiyohiyo isiyokuwa nazo. Mitaa ya kwanza ilikuwa na visa vya kutesa na kutelekeza watoto vilivyo pungufu kwa asilimia 14, uhalifu mkubwa pungufu kwa asilimia 18, na wanafunzi waliofanya vizuri zaidi katika Kiingereza na hisabati walizidi kwa asilimia 18. Watafiti wenyewe wanaonya kwamba mambo kwenda pamoja si ushahidi kwamba moja limelizaa jingine. Hata hivyo matokeo yanaafikiana na kile anachokiona yeyote aliyekaa karibu na darasa la ngoma la jioni: wazazi wanaosubiri watoto mlangoni wanafahamiana, na wanaofahamiana huangaliana. Lakini angalia manufaa haya yanamtaka nini mzazi. Yanamtaka awepo. Aliyehamishwa na pango hanufaiki na darasa alilolianzisha, na mtaa unaobadilisha wapangaji kila mwaka haufanyi watu wafahamiane. Kwa hiyo aliyeshawishika na takwimu hizi ndiye anayepaswa kuuliza kwanza kuhusu hati.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopendwa kwenye majukwaa, ni kwamba sanaa huleta wageni, wageni huleta fedha, na fedha ikifika mtaani itamfikia kila mtu. Fedha haisambai mtaani kama maji ya mvua. Ina mifereji, na mfereji mkubwa kuliko yote ni pango. Muuza vitafunwa akiuza maradufu kwa sababu ya tamasha, mwenye fremu analiona, na mkataba ukiisha anaidai nyongeza ile. Mshonaji, kinyozi na fundi viatu hawauzii wageni wa tamasha, ila pango lao linapanda sawasawa na la jirani anayewauzia. Johannesburg inatoa somo chungu kidogo. Eneo la Maboneng lilianzishwa mwaka 2009 na mwendelezaji binafsi, kwa kuyageuza maghala kuwa studio na kumbi za sanaa katika Arts on Main, ambako msanii William Kentridge alikuwa na studio. Kwa miaka kadhaa lilisifiwa duniani kote kuwa ndilo jibu la katikati ya jiji iliyotelekezwa. Kufikia mwaka 2019 kampuni iliyoliendesha, Propertuity, ilikuwa imefilisika na majengo yakapigwa mnada. Wasanii walioupa mtaa huo sifa yake hawakuwa na sauti mnadani.

Upande wa pili una watu ambao hasira yao naielewa. Mwaka 2016 wakazi wa Boyle Heights, mtaa wa Walatino wa kipato cha chini huko Los Angeles, walianza kuandamana mbele ya kumbi za sanaa zilizohamia kwao, wakizitaka ziondoke. Ukumbi mmoja usio wa biashara, PSSST, ulifungwa mwaka 2017. Wengi waliona ni chuki dhidi ya sanaa. Mimi naona wakazi walisoma alama za nyakati sawasawa: katika miji waliyoijua, ukumbi wa sanaa hutangulia na dalali hufuata. Ninapotofautiana nao ni kwamba kuufunga ukumbi hakumfungi dalali. Bei ya Boyle Heights inasukumwa pia na umbali wake mfupi kutoka katikati ya Los Angeles pamoja na reli ya abiria iliyofika huko mwaka 2009, na hayo hayaondoki na wachoraji. Maandamano yaliweza kuondoa mlango mmoja. Hayakuweza kuweka kiwanja hata kimoja mikononi mwa mpangaji.

Kuna hoja moja dhidi ya msimamo wangu ambayo sina jibu jepesi kwayo. Wanasema: kumiliki jengo ni mzigo, na vikundi vya utamaduni havijui kazi ya nyumba. Kikundi kilichozaliwa kucheza kitajikuta kinahangaika na paa. Ni kweli. Na hati yenyewe haizibi tundu. Beit el-Ajaib ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, haikukosa mwenyewe: ni mali ya serikali, imo katika eneo lililowekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tangu mwaka 1985 Mji Mkongwe una mamlaka yake maalumu ya hifadhi. Tarehe 25 Desemba 2020 upande wake wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa, likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Nyumba za huko zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hupumua: unyevu ukiingia ukutani hupata njia ya kutoka. Anayezipiga lipu ya saruji kwa sababu ni rahisi na hukauka haraka huufungia unyevu ndani, na ukuta unaoonekana mpya nje unaoza kimyakimya. Kuzitunza kunahitaji fundi anayejua, kila mwaka, na fedha ya kila mwaka.

Ila hapo ndipo utamaduni wetu wa Waswahili una jibu la zamani kuliko amana zote nilizozitaja. Wakfu ni mali iliyofungwa: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi; manufaa yake tu ndiyo yanayogawiwa, kwa msikiti, kwa wasafiri, kwa maskini au kwa kizazi cha aliyeweka. Aliyebuni amana ya ardhi ya jamii miaka mia nyingi baadaye alifika palepale. Na mafakihi waliijadili pia ile shida ya paa. Kwa wengi wao, mapato ya wakfu hutumika kwanza kuitengeneza mali yenyewe ndipo wanufaika wapate fungu lao, kwa sababu nyumba ikianguka hakuna atakayenufaika. Nyumba nyingi za wakfu zimechakaa pale kanuni hiyo ilipoachwa, pango likawekwa chini mno hata kununua chokaa halitoshi, huku wasimamizi wakiona haya kulipandisha au hawana fungu la kufidia. Huruma kwa mpangaji wa leo ikamla mpangaji wa kesho. Muungano wa vikundi ukiiga wakfu uige na kanuni hiyo: fungu la matengenezo likatwe kabla ya senti ya kwanza kwenda jukwaani, na liandikwe kwenye katiba ya muungano, lisiachiwe huruma ya mweka hazina.

Berlin ina jengo linaloonyesha jinsi mambo haya yanavyoweza kukaa pamoja. Katika mtaa wa Wedding kulikuwa na kiwanda cha mashine za kuchapia, Rotaprint, kilichofilisika mwaka 1989. Wapangaji wake, wakiongozwa na wasanii Daniela Brahm na Les Schliesser, waliunda chama baada ya kuona mji unataka kukiuza. Mwaka 2007 mashirika mawili ya hisani, trias na Edith Maryon, yalikinunua kiwanja, na wapangaji wakapewa haki ya majengo kwa miaka 99 kupitia kampuni yao isiyogawana faida. Wanalipa kodi ya kiwanja kila mwaka, na kinachobaki katika pango kinatengeneza majengo. Kanuni yao ninayoipenda zaidi ni ya mgawo: theluthi moja ya nafasi ni ya wasanii, theluthi ya karakana na biashara zinazoajiri watu, theluthi ya huduma za jamii kama madarasa ya lugha kwa wahamiaji. Seremala, mchoraji na mwanafunzi wanapanda ngazi moja. Wasanii waliokuwa na hati mkononi wangeweza kulijaza jengo zima na wasanii, na wasingevunja sheria yoyote. Waliamua kwamba mtaa unaoishi karibu nao uwe na chumba ndani. Mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka hapo, Tacheles, jengo maarufu zaidi la wasanii wa Berlin, lililokaliwa tangu mwaka 1990, lilihamishwa watu mwaka 2012. Umaarufu wake haukumzuia mwenye mali.

Kutokana na haya, makubaliano yanayotiwa saini sasa yasomwe kwa jicho jingine. Msomaji aruke kurasa za dira na malengo, atafute jedwali la majengo: jengo lipi, la nani, kwa miaka mingapi, nani anaweza kutoa notisi. Kama jedwali halimo, ajue anasoma mpango wa matamasha. Atazame pia kura. Katika miungano mingi taasisi kubwa inaleta jina na ofisi, vikundi vidogo vinaleta wachezaji, wapishi, mafundi na watoto wanaojaa kwenye picha, lakini bodini kura zinafuata ukubwa wa bajeti. Muungano wa hivyo unaweza kuuza jengo siku moja kwa sababu halali kabisa, na kikundi cha mtaa kikasikia redioni. Kikundi kidogo kiombe kura ya kuzuia mauzo kabla ya kuomba fungu la tamasha. Na mpangilio wa kazi ugeuzwe. Kawaida huanza tamasha, ikafuata sifa, bei ikapanda, ndipo viongozi wakaanza kutafuta jengo la kununua. Houston walinunua kwanza, kimya.

Hati ina mpaka wake, na Third Ward wanaujua. Nyumba za Project Row Houses zipo, na za shirika dada zipo, lakini viwanja vinavyozizunguka viliendelea kuuzwa, na nyumba mpya za ghorofa za watu wa kipato kikubwa zimeinuka mtaani. Muungano unalinda kile unachokimiliki. Mpangaji wa nyumba ya tatu upande wa pili wa barabara anahitaji sheria ya pango na halmashauri yenye nia, na hizo hazipatikani kwa ngoma. Zinapatikana kwa watu wanaokutana jioni baada ya jioni, wakiwa na orodha ya majina na mikataba yao, kwenye chumba ambacho mwenye nyumba hawezi kukifunga. Wapangaji wa mtaa wetu walikuja uani usiku ule, baadhi yao nao wakiwa na notisi mikononi. Mvua ilipoanza, hatukuwa na pa kuendelezea kikao, watu wakatawanyika kabla hatujaandika hata majina.